Namna ya kufuatilia nasaba ya maskini wa Wales

TAJIRI huacha wasia na hati za ardhi. Mchimba makaa ya mawe au kibarua wa shambani huko Wales katika karne ya 18 na ya 19 mara nyingi hakuacha hata jiwe la kaburi. Hata hivyo, jina lake liliandikwa pahali patatu: kasisi alipombatiza, serikali ilipomhesabu, na parokia ilipomsaidia au kumfukuza. Anayetafuta ukoo wa aina hiyo hana budi kuzijua rekodi hizo tatu.

Kanuni ya kwanza ni kuanza na yanayojulikana, kisha kurudi nyuma kizazi baada ya kizazi. Usajili wa kiserikali wa uzazi, ndoa na vifo katika England na Wales ulianza Julai 1, 1837. Cheti cha ndoa hutaja majina na kazi za baba za maharusi, na cheti cha kuzaliwa hutaja jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa.

Tatizo la majina

Zamani watu wa Wales walijitambulisha kwa jina la baba, wakitumia neno "ap" au "ab", kama Waswahili watumiavyo "bin" na Wakalenjin "arap". Mwana wa Rhys aliitwa "ap Rhys", na ndipo likatokea jina Price. Powell ni "ap Hywel" na Bowen ni "ab Owen". Miongoni mwa wanyonge, hasa kaskazini na magharibi, desturi hii ilidumu hadi mwanzoni mwa karne ya 19. Kwa hiyo, mtoto wa David Evans angeweza kuitwa John David. Isitoshe, Jones, Davies na Williams wamejaa kila mahali, na jina pekee si ushahidi. Sharti liambatane na kazi, kijiji na majina ya jamaa.

Sajili za parokia

Makasisi waliamriwa kuweka sajili tangu 1538, lakini katika parokia nyingi za Wales zilizosalia ni za baadaye sana. Panapokosekana sajili, nakala zilizopelekwa kwa maaskofu huweza kuziba pengo. Nakala hizo zimehifadhiwa katika Maktaba ya Taifa ya Wales mjini Aberystwyth. Kuanzia 1813, fomu za ubatizo zilitaja kazi ya baba na mahali alipoishi.

Msomaji akumbuke kwamba kabla ya 1752 mwaka ulianza Machi 25. Akumbuke pia kwamba wengi walikuwa Wabaptisti au Wamethodisti, hivyo ubatizo wao hutafutwa katika vitabu vya madhehebu hayo. Lakini kati ya 1754 na 1837, hata wao walilazimika kufunga ndoa katika kanisa la Kianglikana.

Sensa

Sensa hufanywa kila baada ya miaka kumi tangu 1801, ila ile ya 1841 ndiyo ya kwanza yenye manufaa makubwa kwa mtafuta nasaba. Humo umri wa waliozidi miaka 15 kwa kawaida ulipunguzwa hadi namba inayogawika kwa tano, hivyo mtu wa miaka 34 aliandikwa 30. Sensa ya 1851 iliongeza parokia ya kuzaliwa na uhusiano na mkuu wa nyumba. Mnamo 1891 watu wa Wales waliulizwa lugha waliyozungumza. Fomu hufichwa kwa miaka 100. Za 1921 zilifunguliwa mwaka wa 2022. Za 1931 ziliteketea kwa moto 1942, na 1941 sensa haikufanywa kwa sababu ya vita.

Misaada ya maskini

Hapa ndipo maisha ya mnyonge huonekana waziwazi zaidi. Sheria ya 1601 ilitwika kila parokia mzigo wa maskini wake, na ile ya 1662 ikaruhusu wageni kurudishwa makwao. Aliyeomba msaada angeweza kuhojiwa kwa kiapo: alizaliwa wapi, aliajiriwa na nani, kwa muda gani. Mahojiano hayo ni kama wasifu mfupi wa mtu asiyejua kuandika. Kwa kuwa mtoto wa nje ya ndoa kwa kawaida alihesabiwa wa parokia alikozaliwa, wanawake waja wazito wasio na waume walifukuzwa kwa haraka. Hati za kuwaondoa zipo hadi leo.

Vitabu vya hesabu vya waangalizi navyo hutaja viatu, kodi ya nyumba na majeneza yaliyolipiwa. Baada ya 1834, parokia ziliunganishwa chini ya mabaraza yaliyosimamia nyumba za kazi za maskini. Rekodi zilizobaki hutafutwa katika makavazi ya kaunti husika.

Mwisho, jina moja katika rekodi moja halitoshi. Linapothibitishwa na sajili, sensa na daftari la maskini kwa pamoja, mtafutaji anaweza kuliandika katika orodha ya ukoo wake bila wasiwasi.