Bendera, Wakala na Ulimi: Yaliyotokea Mrima Mwaka 1888

 

Wanafunzi wetu hapa Msata wameuliza: mtawala akipiga marufuku bendera ya kigeni katika mji wake, ana haki hiyo kisheria? Na akiizuia bendera, amewazuia watu kusema? Suala hili si geni kwetu. Ukiifuata barabara inayotoka hapa kwenda Bagamoyo, unafika mahali ambapo mlingoti wa bendera uligombewa hadi damu ikamwagika.

Tarehe 28 Aprili 1888 Sultani Khalifa bin Said wa Zanzibar aliwekeana mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki. Kampuni ilipewa kuendesha utawala na forodha za Mrima, lakini kwa jina la Sultani na chini ya bendera yake, ile nyekundu isiyo na alama. Mwezi Agosti maofisa wa Kampuni walipofika mijini walitaka na bendera yao ipepee. Bagamoyo ugomvi ulikuwa wa nyumba: Kampuni ilidai bendera ya Sultani itoke kwa liwali ihamie kwake. Pangani alikuwepo Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Liwali alipokataa amri zake, aliita askari wa manowari, wakateremka katika siku za Idi ya kuchinja, wakaingia hata msikitini wakimsaka liwali, na mlingoti wa Sultani ukaangushwa. (Nyundo huyo aliuawa na Wahehe wa Mkwawa huko Lugalo tarehe 17 Agosti 1891, miaka mitatu baadaye.)

Tuyapime hayo kwa mizani ya fiqhi. Mkataba ule, kwa namna ulivyoandikwa, ulikuwa wakala. Na wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamebainisha katika mlango wa wakala kwamba wakili hufungwa na mipaka aliyowekewa. Akiivuka, kitendo chake hakimlazimu aliyemtuma. Wakili anayeweka jina lake mahali pa jina la bwana wake ametoka katika uwakili na kuingia katika unyang'anyi. Basi liwali hakuwa mwasi. Yeye ndiye aliyeshika mkataba, na Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha waumini kutimiza mikataba.

Lakini tusiwapambe wazee wetu kupita kiasi. Chini ya bendera ile nyekundu watumwa walilimishwa miwa katika mashamba ya Pangani. Na Jenerali Lloyd Mathews alipotumwa na Sultani mwezi Septemba kutuliza mambo, watu wa Pangani walimkataa yeye pia. Walikuwa wameudhika kwa bendera kuangushwa, na papo hapo hawakumtaka mjumbe wa mwenye bendera. Vita vya Abushiri bin Salim na Bwana Heri wa Saadani vilizuka katika hali hiyo. Abushiri alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889.

Sasa upande wa mtawala. Huko Oman wenye majahazi wa Sur walikuwa wakipewa bendera na hati za Ufaransa, na chini yake wakadai kwamba hukumu za Sultani Faisal bin Turki haziwahusu. Shauri lilifika The Hague, na tarehe 8 Agosti 1905 ikaamuliwa kwamba bendera ya Ufaransa haiwatoi wenye majahazi, mabaharia wala familia zao katika mamlaka ya Sultani. Hapa tunaona mtawala alikuwa na haki. Bendera inayotumiwa kukimbia kadhi si maoni tena, ni kujitoa katika utii, na kuzuia hilo ni maslaha ya wote.

Jibu letu basi ni kwamba hukumu hufuata illa yake. Bendera ikidai mamlaka, mtawala ana haki ya kuizuia, naye mwenyewe akiwa amefungwa na mikataba yake. Ikiwa ni ishara tu ya huruma kwa waliodhulumiwa mbali, iko karibu zaidi na neno kuliko uasi, na anayetaka kuizuia ndiye anayepaswa kuleta hoja.

Wajerumani hawakuitofautisha illa hiyo. Mwaka 1908 ilienea Lindi na miji mingine ya pwani barua iliyosemwa imetoka Makka, yenye kuwaonya watu kuwa Kiyama kimekaribia na kuwataka watubie. Sanadi yake ni dhaifu, nasi hatuitetei. Lakini serikali, ikiwa bado na hofu ya Maji Maji, iliisoma toba kama tangazo la vita, ikawakamata waliohusishwa nayo. Uasi uliohofiwa haukutokea.