Hakimu na Msuluhishi katika Nchi ya Singida

Wapo wenzetu wanaodhani kwamba usuluhishi ni hukumu iliyokosa nguvu. Hakimu huuliza nani mkosaji. Msuluhishi huuliza jirani hawa wataishije kesho. Maswali hayo mawili hayafanani, na historia ya magharibi ya Singida, upande wa Sepuka ambao leo umo katika Wilaya ya Ikungi, yatuonyesha tofauti yake.

Sepuka ni nchi ya Wanyaturu, wakulima wa uwele na mtama. Lakini Mnyaturu hakulima kamwe bila ng'ombe, maana udongo wake ni mchovu na samadi ndiyo iliyoulisha. Kwa hiyo yafaa tujihadhari na mazoea ya kusema “wakulima” na “wafugaji” kana kwamba ni mataifa mawili. Majirani zao Wabarabaig, tawi la Wadatoga, walitegemea zaidi mifugo, nao walihitaji nafaka ya jirani. Watu wengi huwaita Wamang'ati, na hilo ni neno la Kimaasai lenye maana ya adui. Mazungumzo yanayoanza kwa kumwita mwenzako adui yameanza vibaya!

Hatuna budi kukiri kwamba damu ilimwagika. Mtaalamu George Klima, aliyeishi na Wabarabaig na kuandika habari zao mwaka 1970, alieleza jinsi kijana alivyopata sifa na zawadi za mifugo kwa kumwua simba, tembo, au mtu aliyehesabiwa adui wa kabila. Wanyaturu walikuwa miongoni mwa walioangamia. Serikali ya kikoloni ilijibu kwa kitanzi na kwa adhabu za pamoja. Adhabu ya pamoja humwadhibu hata mzee aliyemkataza mwanawe, na mzee huyo ndiye ambaye kesho angefaa kuwa mpatanishi.

Kisha likaja jambo la ardhi. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, huko Hanang, makumi ya maelfu ya ekari za malisho yaligeuzwa mashamba ya ngano ya shirika la NAFCO, kwa msaada wa Kanada. Wanakijiji wa Mulbadaw walishtaki. Mahakama Kuu ikawapa haki mwaka 1984, na Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo mwaka uliofuata. Waliosukumwa walitafuta malisho kwingine. Mkulima aliyemkuta mgeni na kundi lake kando ya shamba aliona uvamizi tu, asijue kwamba mgeni naye alikuwa amevamiwa.

Wabarabaig hawakukosa ustaarabu wa mazungumzo. Wazee wao hukutana chini ya mti wenye kivuli na kusemezana mpaka wakubaliane. Wanawake nao wana baraza lao, liitwalo girgwageda gademga, lenye uwezo wa kumtoza mwanamume faini ya ng'ombe akimkosea mwanamke. Hapo wasomi wetu wa sheria wangeweza kujifunza mapema zaidi.

Utemi ulipofutwa mwaka 1963, kazi ya kupatanisha ilihitaji kiti kipya. Sheria Na. 7 ya 1985 iliunda Mabaraza ya Kata, ikayapa kama kazi ya kwanza kuleta amani na maelewano kwa njia ya usuluhishi. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 ikaongeza baraza la kijiji la wajumbe saba, watatu wao wanawake. Mabadiliko ya mwaka 2021 yakaliondolea Baraza la Kata uwezo wa kuamua migogoro ya ardhi. Kazi yake ikabaki kusuluhisha, na likishindwa katika siku thelathini, shauri huenda Baraza la Wilaya. Wengine walilalamika kwamba baraza limenyang'anywa meno. Sisi twaona limepunguziwa kishawishi, maana mwenye uwezo wa kuhukumu huchoka upesi kusikiliza.

Tatizo gumu liko kwingine. Wajumbe huchaguliwa miongoni mwa wakazi, na wakazi wa siku nyingi ndio wengi. Mfugaji aliyekuja juzi huketi mbele ya watu saba ambao wote ni jamaa wa mwenye shamba. Wazee wetu walilijua jambo hili, ndiyo maana katika makabila mengi shauri zito lilipelekwa kwa mtani, ambaye si ndugu wa upande wowote na ana ruhusa ya kusema ukweli bila kuchukiwa.

Baraza lifanyalo kazi yake vema halikai kitini tu. Huinuka na pande zote mbili, hukanyaga mabua yaliyolala, huhesabu matuta yaliyoliwa, kisha hufuata nyayo za ng'ombe mpaka majini, ili mwenye shamba naye aone kama njia ya mifugo ilizibwa na nani. Huko njiani ndiko watu huanza kusemezana. Tena huhitajiwa mtu wa kumfasiria bibi mzee wa Kibarabaig asiyejua Kiswahili, kwa kuwa aghalabu yeye ndiye atakayewaambia vijana wake kama mapatano yamekubaliwa. Mfasiri huyo hamo katika hesabu ya wajumbe saba.