Kipanya kimeshapita, menyu bado inacheza

Juzi nilifungua tovuti moja ya zamani, nikapitisha kipanya juu ya menyu yake mara kadhaa, kisha nikakiondoa. Menyu haikutulia! Ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka tena, na kila mara inaifunika habari niliyotaka kuibofya. Nikacheka peke yangu, maana kasoro hii ina historia yake.

Turudi Januari 2006. Kule New York, Mmarekani John Resig alitambulisha jQuery, maktaba ya JavaScript iliyowapunguzia watengeneza tovuti jasho la kuandika msimbo tofauti kwa kila kivinjari. Kwa mstari mmoja tu, menyu iliteremka taratibu. Nani asingependa?

Ndani yake kulikuwa na foleni: amri ya pili inasubiri ya kwanza imalize. Kwa kazi yenye hatua, hilo ni jambo jema. Sanduku litokee kwanza, kisha lisogee. Lakini kipanya hakiendi kwa hatua, kinazurura. Kikiingia ni amri, kikitoka ni amri nyingine. Muda wa kawaida wa tendo moja ni milisekunde 400. Pitisha kipanya haraka mara 10 na umeagiza matendo 20, yaani sekunde 8 za vurugu. Ni kama mhudumu wa mgahawa uliyemwambia "lete chai, basi acha" mara kumi, naye akaileta na kuirudisha mara kumi, wewe ukiwa umeshaondoka.

Dawa ilikuja Septemba 2007, katika toleo la 1.2: amri ya .stop(). Wengi waliitumia vibaya. Ikiachwa tupu, inakatisha tendo linaloendelea tu, na lililo nyuma yake linaanza papo hapo. Ili kuifuta foleni yote ilibidi kuandika .stop(true). Hata hivyo, menyu iliyokatishwa katikati ya kufunguka ilisahau urefu wake halisi, na wakati mwingine ikatoweka kabisa. Hilo lilirekebishwa katika toleo la 1.7, Novemba 2011.

Mwaka huohuo foleni iliwaumbua wataalamu wenyewe. Toleo la 1.6 lilikabidhi mwendo wa picha kwa kivinjari, ambacho husimamisha mwendo huo ukihamia ukurasa mwingine. Saa za ndani ya tovuti ziliendelea kutoa amri, zikarundikana. Ukirudi, picha zote zinakimbizana! Katika 1.6.3 mpango huo uliondolewa, ukarudi katika toleo la 3.0 mwaka 2016.

Wakati huo njia nyingine ilikuwa imeshapatikana. Wahandisi wa WebKit walipendekeza mwendo uandikwe ndani ya CSS, na rasimu ya W3C ikatoka mwaka 2009. Hapo hakuna foleni. Unaeleza tu hali mbili, ya kipanya kikiwa juu na kikiwa nje. Kipanya kikiondoka katikati, mwendo unageuka palepale ulipofika.

Nikitazama miaka hiyo yote, naona jambo moja. Mashine ile haikuwa kaidi. Ilitii kila tulichoagiza. Tatizo ni kwamba kutii si kusikiliza. Mtu akibadili nia, agizo lake la mwisho ndilo la kufuata, mengine yote yafutwe.