Mwalimu Sarah Ntiro, Binti wa Hoima (1926–2014)

Sarah Nyendwoha alizaliwa Hoima, katika nchi ya Bunyoro, Uganda. Mwaka 1945 alikuwa miongoni mwa wasichana 6 wa kwanza kupokelewa Makerere. Huko alitaka kusoma hisabati. Mhadhiri akakataa kufundisha darasa lenye mwanamke, naye akageukia historia. Somo hilo ndilo lililomfikisha Oxford, alikohitimu mwaka 1954 na kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kupata shahada ya chuo kikuu.

Aliporudi nyumbani kufundisha, alikuta mshahara wake uko chini ya ule wa wanaume wenye elimu kama yake. Hakuacha kazi. Aliukataa mshahara wenyewe, akaendelea kuingia darasani bila malipo hadi alipolipwa sawa na wenzake. Kudai haki namna hii, bila kuwapa wanafunzi kisogo, ni ushujaa unaostahili kukumbukwa kuliko cheo chochote alichopata baadaye.

Mwaka 1958 aliolewa na Sam Ntiro, mchoraji kutoka Machame, Kilimanjaro, aliyekuja kuiwakilisha Tanganyika huru jijini London. Miaka hiyohiyo mama huyu aliketi katika Baraza la Kutunga Sheria la Uganda. Utawala wa Idi Amin ulimlazimisha kukimbilia Kenya.

Alifariki dunia Oktoba 2014, akiwa na umri wa miaka 88. Walimu mnaopita hapa, wasimulieni wanafunzi wenu habari zake.