B.D. yetu, M.Div. yao: historia ya mlango wa Udaktari wa Huduma



Juzi kijana wangu mmoja, mchungaji kule Iringa, alinipigia simu. Kwake ilikuwa asubuhi, kwangu usiku wa manane. Anataka kuja kusoma Udaktari wa Huduma, huu tunaouita D.Min., na seminari moja ya hapa Marekani imemjibu kwamba hana sifa za kuingia. "Baba mdogo," akaniambia, "nina B.D. ya miaka mitano na nimechunga usharika miaka kumi na mmoja. Sifa ipi tena wanayoitaka?" Nikacheka kidogo, wala si kwa dharau. Jibu hilohilo nilipewa mie mwaka 2003.

Nilimwahidi kumwandikia sababu. Nilipokaa kuandika nikaona kwamba jambo lenyewe ni la historia kuliko la makaratasi, na kwamba wengi wetu tunaligonga kichwa bila kujua lilijengwa lini. Basi nalieleza hapa.

Tuanzie Massachusetts. Chuo cha Harvard kilianzishwa mwaka 1636, na kuandaa wachungaji kulikuwa miongoni mwa shabaha zake. Zamani hizo kijana akimaliza chuo alikwenda kukaa na mchungaji mzee, akasoma vitabu vyake na kujifunza kazi kwa kumtazama. Mwaka 1805 Harvard ilimpa Henry Ware kiti cha uprofesa wa theolojia. Ware alikuwa wa mwelekeo wa Kiyunitariani, na wahafidhina hawakuvumilia. Walijitenga, wakaanzisha seminari yao Andover mwaka 1807. Huko ndiko ulikowekwa utaratibu uliokuja kuenea nchi nzima: kwanza mtu amalize chuo, halafu asome theolojia miaka mitatu.

Baadaye miaka hiyo mitatu ikawa inatunukiwa shahada ya B.D. Yaani mtu ana B.A. mkononi, anasoma miaka mitatu zaidi, anapewa "bachela" nyingine! Lakini halikuwa jambo geni. Hata Oxford na Cambridge, kwa desturi yao ya kale, B.D. ilikuwa shahada ya juu, ikichukuliwa na mtu aliyekwisha kupata M.A. Jina lilikuwa dogo, cheo chake kikubwa.

Mambo yalibadilika miaka ya 1960. Wanasheria wa Marekani nao walikuwa na bachela yao ya LL.B., isomwayo miaka mitatu baada ya chuo. Katika miaka hiyo vyuo vya sheria, kimoja baada ya kingine, viliibadili jina ikawa J.D., udaktari wa sheria, bila kuongeza hata muhula mmoja. Wachungaji wakatazamana. Tabibu ni daktari, mwanasheria sasa ni daktari, na mchungaji aliyesoma miaka mingi kama huyo mwanasheria bado bachela?

Wapo waliotaka shahada ya kwanza ya uchungaji yenyewe iwe udaktari. Claremont kule California na Chuo Kikuu cha Chicago zilikuwa miongoni mwa shule zilizojaribu mapema njia za udaktari wa kazi kwa wachungaji. Wengine walipinga, wakisema hiyo ni tamaa ya vyeo tu. Mjadala ukaingia ndani ya umoja wa shule za theolojia za Marekani na Kanada, umoja uliozaliwa kutokana na mkutano wa Harvard wa mwaka 1918 na kuanza kuwa na kanuni za ithibati mwaka 1936. Mwisho wa yote, hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, likapatikana suluhisho: ile B.D. ya miaka mitatu iitwe M.Div., yaani iwe shahada ya uzamili, na juu yake pawe na D.Min. kwa mchungaji aliyekwisha kuonja kazi.

Sasa nawaomba mnisikilize vizuri. Seminari nyingi ziliwaruhusu wahitimu wao wa zamani kubadilisha vyeti. Mtu aliyehitimu mwaka 1955 na B.D. yake aliweza kuamka na shahada ya uzamili pasipo kusoma ukurasa mmoja wa ziada. Simlaumu. Kazi aliifanya, na jina ndilo lililochelewa.

Lakini kwetu nani alibadilishiwa? Vyuo vyetu vikongwe vilikulia katika njia nyingine. Limuru ilitokana na shule ya theolojia ya Waanglikana iliyoanzia Frere Town, Mombasa, mwaka 1903 na kuhamia Limuru mwaka 1930. Makumira ilianzia Lwandai, Usambara, mwaka 1947, ikahamia karibu na Arusha mwaka 1954. Katika mapokeo haya, yenye mkono wa Waingereza kwa upande mmoja na wa Walutheri wa Ulaya kwa upande mwingine, shahada ya mchungaji ilipokuja ilikuja kwa jina la B.D., na jina likabaki. Walioanza baadaye kwa kufuata njia ya Kimarekani walichukua jina jipya tangu mwanzo. Shule ya uzamili ya wainjili ya Nairobi, NEGST, iliyoanza mwaka 1983, ilikuja na M.Div. yake. Ndiyo maana wachungaji wawili wa Afrika Mashariki wanaweza kufika dirisha moja la udahili, mmoja akapita na mwingine akarudishwa, na karani asijue kwamba anapima historia mbili.

Tuwe waadilifu lakini. Swali la karani si la kijinga. Mmarekani anasoma shule miaka 12, chuo miaka 4, M.Div. miaka 3: jumla 19. Kwetu Tanzania mie nilisoma msingi miaka 7, sekondari miaka 6, na B.D. miaka 5, mmoja wapo ukiwa wa mazoezi usharikani: jumla 18. Pengo lipo, ni la mwaka mmoja. Kama wangeniambia "ongeza mwaka mmoja," ningesema haki imetendeka. Nilichoambiwa ni kwamba B.D. yangu ni shahada ya kwanza, basi, kama vile nilisoma uhasibu.

Na hapo mlango wa pili ukajifunga wenyewe. Kwa kanuni za ithibati zilizokuwapo kabla ya 2020, mwombaji wa D.Min. alitakiwa awe na M.Div. au elimu inayolingana nayo, pamoja na miaka mitatu ya huduma baada ya shahada ya uzamili ya theolojia. Mnaona mtego? B.D. isipohesabiwa kuwa ya uzamili, miaka yote ya uchungaji iliyoifuata haihesabiwi pia, maana imetangulia. Nilikuwa nimechunga miaka minane. Kabla ya hapo nilikuwa mwinjilisti miaka mitano, natembea kwa miguu mitaa minne, nazika, nabatiza kwa niaba, napatanisha ndugu waliogombania shamba. Kwenye fomu yao vyote vilikuwa sifuri.

Basi nikarudi darasani. Nilikaa kwenye somo la utangulizi wa Kigiriki cha Agano Jipya, lugha niliyokuwa nimeifundisha mwenyewe chuo cha Biblia nyumbani. Mama watoto alifanya kazi za usiku nyumba ya wazee ili karo ipatikane. Mwalimu alikuwa muungwana, na siku ya tatu akaniita pembeni: "Mchungaji, wewe unafanya nini hapa?" Nikamjibu, nangoja jina. Yeye alicheka, mie sikucheka sana.

Kosa langu ni kwamba sikupinga kwa hoja. Nilipeleka cheti peke yake, nikadhani kitajieleza. Hakijielezi. Kanuni zenyewe zilikuwa na neno "inayolingana," na neno hilo ndilo mlango wetu. Kwa kanuni za mwaka 2012 ulinganifu huo ulitajwa kwa hesabu ya krediti 72 za uzamili, kwa hiyo ilikuwa lazima mtu aende na hesabu yake. Mwaka 2020 umoja ule ulipitisha kanuni mpya zilizolegea: zinazungumzia shahada ya uzamili inayohusiana na huduma ya mtu na uzoefu wa maana wa huduma, na kuipa shule nafasi zaidi ya kupima. Kulegea huko hakumsaidii anayenyamaza.

Kwa hiyo kijana wangu nimemwandikia hivi. Omba chuo chako barua inayotaja masomo ya kila mwaka, saa za darasani, tasnifu na mwaka wa mazoezi. Mwombe askofu aeleze usharika una watu wangapi na wewe umefanya nini humo. Halafu andika ukurasa mmoja kuwakumbusha kwamba shahada yao wenyewe iliitwa B.D. hadi juzijuzi tu. Usiandike kwa hasira. Waulize: miaka mitatu ya babu zenu ilipoitwa B.D. ilikuwa na uzito gani, na mitano yangu inapungua wapi? Kama inapungua, wataje somo, tulisome.

Hata hivyo nimemwuliza pia anautakia nini huo udaktari. Kama ni kwa ajili ya kuandikwa "Dkt." kwenye bango la mkutano, asijisumbue, njia za mkato ziko nyingi na aibu yake ni kubwa. Kama ni kuuchunguza usharika wake kwa macho mapya, mlango huu una thamani ya kugongwa. Kanijibu kwa neno moja: "Nagonga."

Wenye kumbukumbu za Limuru na Makumira za miaka hiyo, naomba mnikosoe na kuongeza.

Wasalaam.