Waliokimbilia visiwani: historia ya Ziwa Edward ambayo hatukufundishwa

Safari hii tunawaletea historia ya hapa hapa Kasese. Ni historia ya wakimbizi, ila wa zamani sana kuliko sisi.

Tuanze na mlima. Kilembe iko kwenye bonde la mto Nyamwamba, kilomita kama 10 kutoka Kasese mjini. Tuko miguuni mwa Rwenzori kabisa, lakini kilele chenyewe hatukioni, vilima vya karibu vinakiziba. Ukitaka kuuona mlima mzima, shuka mpaka Katwe, kando ya Ziwa Edward, na uamke mapema kabla mawingu hayajaufunika. Kumbe mlima ukiwa mbali ndiyo unaonekana vizuri! Sisi tuliovuka Mpondwe tunaujua tangu utotoni, ila tuliuangalia kutoka upande wa Congo.

Sasa fikirieni mtu anayeuangalia mlima huo kila asubuhi akiwa kisiwani katikati ya ziwa, na hawezi kurudi ng'ambo. Ng'ambo ndiyo kwao. Hiyo ndiyo ilikuwa hali ya Basongora wengine mwaka 1889.

Nchi ya Busongora ilikuwa ya wafugaji. Wakati ule ilikuwa chini ya Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Jeshi lake, Abarusura, lilikuwa limeweka kambi Katwe chini ya mkubwa mmoja aitwaye Rukara. Kwa nini Katwe? Kwa sababu ya chumvi. Pale kuna ziwa dogo la chumvi, na watu wameichimba tangu zamani na kuipeleka mbali kuiuza. Aliyeshika Katwe alishika mali. Ng'ombe za Basongora zilichukuliwa, na wenyewe wengine wakakimbilia visiwa vidogo vilivyo karibu. Mkubwa wao huko visiwani aliitwa Kakuri. Maji yakawa ukuta wao, mitumbwi ikawa mlango.

Hatusemi haya ili kumtukana Kabalega. Alipigana na Waingereza mpaka wakamkamata mwaka 1899, na marafiki zetu Banyoro wanamhesabu kuwa shujaa. Wana haki yao. Lakini shujaa wa huku anaweza kuwa ndiye aliyemkimbiza mtu wa kule. Sisi wa Congo hilo hatuhitaji kufundishwa.

Mwezi wa 6 mwaka 1889 ukafika msafara wa Stanley, ukitoka bonde la Semliki. Alikuwa anamtoa Emin Pasha na watu wake kuwapeleka pwani, Bagamoyo. Ndani ya msafara walikuwemo wapagazi kutoka Zanzibar, wasemaji wa Kiswahili hiki hiki tunachoandikia. Vitabu vingi vinasema Stanley "aligundua" theluji ya Rwenzori mwaka uliotangulia, 1888. Mwenyewe aliandika kwamba kijana mmoja katika msafara wake alisema ule mlima umefunikwa na chumvi. Sisi tulicheka, lakini kijana hakukosea sana. Huku chumvi ndiyo ilikuwa kitu cheupe chenye thamani.

Msafara ulipoingia Katwe, Abarusura walikuwa wameshaondoka. Ndipo mitumbwi ikaonekana ikitoka visiwani. Haikufika ufukweni. Ilisimama mbali kidogo, mahali ambapo mnasikiana lakini hamshikani. Waliokuwa ndani wakauliza: nyinyi ni nani? Wageni wakajibu kwamba wao si watu wa Kabalega. Maneno tu hayakutosha. Wageni wale walikuwa na bunduki, na wenye bunduki ndio waliowafukuza. Basi wakataka ushahidi: kama kweli si Abarusura, wauchome mji wa Katwe.

Stanley akakubali, nyumba za karibu na ufuko zikachomwa. Watu wa mitumbwi wakashangilia kwa sauti kubwa. Kesho yake Kakuri akaja na zawadi.

Tuliposimuliana habari hii kwenye kikundi, wengine walipiga makofi. Wengine walinyamaza, maana wanajua nyumba inavyoungua. Mji ule ulikuwa kwenye nchi yao wenyewe Basongora! Kukimbia kunaweza kumfikisha mtu hapo, afurahie moto nyumbani kwao ili mradi adui asipate tena pa kulala. Hatuwahukumu. Tunasema tu tumeielewa ile sauti ya kushangilia, na inatutia hofu.

Lipo jambo lingine. Siku ile, aliyekimbia ndiye aliyedai ushahidi kwa mwenye nguvu. Leo ni kinyume. Sisi ndio tunaulizwa: wewe ni nani, umetoka wapi, uthibitishe. Unasimulia meza ya kwanza, unarudia meza ya pili, na ya tatu. Tunaelewa kwamba kazi inadai hivyo. Lakini nyinyi ndugu zetu wa mashirika, mkikutana na mama ambaye siku ya kwanza hajibu, au mtoto anayekaa mbali na hema la michezo akiangalia tu, msiseme ana kiburi. Mtumbwi wake umesimama mahali pa kusikiana. Bado anawapima. Kakuri hakuja siku ya kwanza, alikuja kesho yake.

Na baada ya pale? Mwaka 1891 Lugard alijenga boma Katwe, chumvi ikapata mwenyewe mwingine. Mwaka 1952 nchi ile kubwa ikafanywa mbuga ya wanyama, ambayo leo inaitwa Queen Elizabeth. Kwa hiyo kurudi nyumbani nako si kuvuka maji tu. Unaweza kuvuka ukakuta mlima uko pale pale, lakini nyumbani kuna mwenyeji mwingine.

Ndiyo maana tunaandika. Kwenye historia ya ziwa hili jina la Stanley wengi wanalijua, la Kakuri ni wachache, na ya wale waliopiga makasia hatukuyakuta popote. Waulizeni wazee wenu: kwetu watu walijificha wapi, na walimjuaje mgeni wa kuaminika? Leteni majibu, tuyaandike pamoja na majina.