Azimio la Musoma na kozi ya Kiingereza ambayo haikuandikwa

Novemba 1974 Halmashauri Kuu ya Taifa ya TANU ilikutana Musoma na kuamua kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1977 kila mtoto wa Tanzania aliyefikia umri wa kuanza shule awe darasani. Uamuzi huo, pamoja na ule uliomtaka mhitimu wa kidato cha sita afanye kazi kwanza na kupata mapendekezo kabla ya kuingia chuo kikuu, ndio tunaouita Azimio la Musoma. Katika mihadhara tumezoea kulisimulia kama sura ya historia ya siasa, au ya uchumi wa Ujamaa. Leo nataka tulisome kama sura ya historia ya ufundishaji wa Kiingereza, ingawa halikuwa azimio la lugha.

Hoja yangu ni hii. Kati ya 1967 na 1977 nchi yetu ilibadilisha lugha ya shule ya msingi, ikabadilisha idadi ya wanafunzi, na ikabadilisha aina ya walimu. Yote matatu yalikuwa na sababu za haki. Kitu cha nne, yaani kozi ya Kiingereza, kilibaki kimejengwa juu ya nchi iliyokuwa imekwisha kuondoka. Mabishano ya lugha ya kufundishia ambayo yametuchosha kwa miongo mitano yamefunika kosa hili la upangaji.

Turudi nyuma miaka arobaini kamili, tukiwa pale pale Musoma. Mwaka 1934 mtoto wa miaka kumi na miwili alitoka Butiama, mwendo wa takriban kilomita 40, kuja kuanza darasa la kwanza katika shule ya bweni ya Mwisenge. Lugha yake ilikuwa Kizanaki. Mwisenge akasomeshwa kwa Kiswahili. Mwaka 1937 akapelekwa Tabora, ambako masomo yalikuwa kwa Kiingereza, na kutoka hapo akaenda Makerere na hatimaye Edinburgh. Safari hiyo ya Julius Nyerere tumezoea kuieleza kwa neno moja, kipaji. Kipaji kilikuwepo, hakuna anayebisha. Lakini mtu anayepanga kozi anaona pia mengine: watoto wachache waliochujwa, bweni, mwalimu anayekimudu Kiingereza mbele ya darasa, na lugha moja iliyopewa muda kabla ya nyingine kudai kazi nzito. Mfumo wa kikoloni ulikuwa wa kibaguzi, na maelfu ya watoto wa Uzanaki na Ujita hawakuuona mlango wake. Hata hivyo, kwa wale wachache uliowataka, ukarani na ualimu, ulikuwa na hesabu iliyokamilika.

Hesabu hiyo ilidumu, kwa namna fulani, hadi 1967. Kabla ya hapo Kiingereza kilikuwa lugha ya kufundishia madarasa ya juu ya shule ya msingi. Elimu ya Kujitegemea ilipotoka Machi mwaka huo, Kiswahili kikafanywa lugha ya shule ya msingi yote. Mtoto aliweza kuuliza swali bila kuogopa kuchekwa, na mzazi aliweza kusoma daftari la mwanawe. Lakini siku ile ile Kiingereza kilibadilika kuwa kitu kingine, na waliokishughulikia hawakulizingatia badiliko hilo ipasavyo.

Wataalamu hutofautisha lugha ya pili na lugha ya kigeni. Lugha ya pili mtu huisikia sokoni, ofisini, redioni. Darasa linapanga tu kile ambacho mazingira yameleta. Lugha ya kigeni haisikiki nje ya darasa, kwa hiyo kila neno ambalo mwanafunzi atalijua ni neno ambalo mtu fulani alilipangia siku, saa na mazoezi. Kwa mtoto wa Nyamuswa au Butiama hali ni ngumu zaidi. Nyumbani ni Kiikizu, Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kikurya au Kijaluo. Kiswahili ni lugha ya pili, nayo ataisikia mnadani na kwenye basi. Kiingereza ni lugha ya tatu na ya kigeni. Kozi ya lugha ya namna hiyo huanza na maswali ya kihasibu: maneno mangapi, kwa saa ngapi, yarudiwe mara ngapi, na mwalimu mwenyewe anajua mangapi? Michael West aliyauliza maswali ya aina hiyo huko Bengal katika miaka ya 1920, akaandika vitabu vya kusoma ambavyo msamiati wake ulihesabiwa na kupangwa kwa ngazi. Elimu hiyo ilikuwepo duniani kabla ya Mwisenge kumpokea mtoto wa Chifu Burito.

Sasa tulisome Azimio la Musoma. Ili kuwapokea watoto wote, nchi ilihitaji walimu wengi kuliko vyuo vilivyoweza kutoa. Ufumbuzi ulikuwa wa kijasiri: kuwachukua vijana waliomaliza darasa la saba, kuwafundisha ualimu vijijini kwa muda wa miaka mitatu huku wakishika chaki, wakisaidiwa na masomo kwa posta, vipindi vya redio na waratibu elimu wa kata. Takriban 35,000 walihitimu kwa njia hiyo. Wanafunzi wa shule za msingi, waliokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, walizidi milioni tatu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Siwezi kuwadharau walimu hao wa UPE, kama walivyokuja kuitwa, mara nyingi kwa kebehi. Wengi wa Watanzania wenye umri wangu walijifunza kusoma kwao.

Ila tufanye hesabu ya kalenda. Aliyeanza darasa la kwanza mwaka 1968 alimaliza la saba mwaka 1974. Huyo ni mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili mwanzo hadi mwisho, na ndiye huyo huyo, akiwa na miaka kumi na saba au kumi na minane, aliyekabidhiwa darasa mwaka 1976. Kiingereza alikuwa amekisoma kama somo moja kati ya masomo. Hakuwahi kukitumia kununua chumvi wala kueleza mvua. Sasa alitakiwa kukifundisha, na ratiba ilimpa vipindi vyake kama kawaida. Angefanya nini? Alifanya alichoweza: aliandika sentensi ubaoni, darasa likaziimba kwa sauti moja, kengele ikalia. Kozi iliyoandikwa kwa ajili yake, yenye kumfundisha yeye kwanza na mwanafunzi baadaye, kitabu ambacho ukurasa wa kushoto ni wa mwalimu na wa kulia ni wa mtoto, ingekuwa kazi ya kawaida ya watunga mitaala. Nchi iliyoweza kuandaa masomo ya redio kwa watu wazima wasiojua kusoma isingeshindwa na hilo.

Matokeo yalionekana haraka. Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta, iliyoundwa mwaka 1980 na kutoa taarifa yake 1982, ilipendekeza Kiswahili kianze kutumika kidato cha kwanza mwaka 1985 na kifike chuo kikuu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mwaka 1983 serikali ilitangaza kwamba badiliko hilo halitafanyika. Mwaka uliofuata wakaja wachunguzi wawili wa Kiingereza, Clive Criper na Bill Dodd. Walipima, wakakuta kwamba kama asilimia 10 tu ya wanafunzi wa kidato cha nne walikuwa na kiwango ambacho mtu angetarajia elimu kwa Kiingereza *ianzie*. Msomaji alisome neno hilo tena: kuanzia, ilhali wao walikuwa wanamaliza. Kisha wakapendekeza Kiingereza kiendelee kuwa lugha ya kufundishia. Mwalimu Nyerere mwenyewe alikuwa mwaka huo huo amekiita Kiingereza Kiswahili cha dunia. Kuanzia 1987 ukaja mradi uliofadhiliwa na Uingereza, ukileta vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi za ugumu. Vilikuwa vitabu vizuri. Vilikwenda sekondari, miaka saba baada ya mahali palipovuja.

Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro, katika kitabu chao cha mwaka 1997 kuhusu mgogoro wa lugha Tanzania, walionyesha jinsi gharama ya kung'ang'ania Kiingereza ilivyolipwa na elimu yenyewe. Nakubaliana nao kwa sehemu kubwa. Ninachoongeza ni kwamba hata anayetaka Kiswahili kifundishie hadi chuo kikuu, kama mimi, bado anahitaji kozi nzuri ya Kiingereza, tena anaihitaji zaidi, kwa kuwa Kiingereza kitabaki somo tu na hakitakuwa na visingizio.

Jambo ambalo sera zetu zimelitoa badala ya kozi ni kozi fupi ya mwanzo wa kidato cha kwanza, maarufu kama bezilaini, ya wiki sita hivi. Tuihesabu kwa ukarimu. Tuseme wiki zote sita ni za Kiingereza peke yake, saa tano kila siku, mwalimu hakosi hata siku moja, na vitabu vinatosha. Ni saa 150. Baada ya hapo mtoto wa kata ya Butiama anafungua kitabu cha Baiolojia.

Hapo ndipo ninapopenda kuwakumbusha wanafunzi wangu kwamba katika mji huo huo wa Musoma, ufukweni Makoko, kulikuwa na somo jingine la lugha. Wamisionari wa Maryknoll waliendesha hapo chuo cha Kiswahili kwa ajili ya wageni waliokuja kufanya kazi Afrika Mashariki. Mmarekani mwenye shahada alikaa takriban miezi minne akijifunza Kiswahili kabla ya kupelekwa kazini. Hata tukikadiria saa nne tu za darasa kwa siku, ni zaidi ya saa 300, na akitoka nje ya geti anakutana na muuza dagaa ambaye hana lugha nyingine ya kupatana naye bei. Waliopanga walijua kwamba mtu mzima, msomi, mwenye hiari, anahitaji muda huo ili aweze kusalimu, kuhubiri na kusikiliza matatizo ya watu. Hakuna aliyefikiri kumtahini kemia kwa Kiswahili.

Na kabla ya hapo kuna kisa ambacho watu wa Mara wanakijua vizuri kuliko sisi wa vyuoni. Mwaka 1955, alipoacha kazi ya ualimu Pugu kwa ajili ya siasa, Nyerere alirudi nyumbani na kwa muda akamfundisha Kizanaki padri mmoja wa Maryknoll, huku akisaidia kutafsiri mafundisho ya dini katika lugha hiyo. Mwalimu alikuwa na mwanafunzi wake mezani, lugha ya kigeni, na lengo linalojulikana. Ukiondoa siasa zote, upangaji wa kozi ni hilo: nani anajifunza, anajua nini tayari, ataitumia lugha kwa kazi gani.

Upanuzi wa pili ulipokuja, tulirudia mlolongo ule ule. MMEM kuanzia 2002 ilijaza shule za msingi, MMES kuanzia 2004 ikazaa sekondari za kata, na elimu bila malipo ya 2016 ikaongeza idadi tena. Kila hatua ilikuwa ya haki, kama ya 1974. Matokeo ya kidato cha nne ya 2012, yalipotangazwa mara ya kwanza, yaliwapa sifuri takriban asilimia 60 ya watahiniwa. Tume ikaundwa, madaraja yakapangwa upya. Sababu zilikuwa nyingi, kuanzia maabara hadi mishahara. Lakini anayesahihisha karatasi anajua sura ya jibu la mtoto ambaye hakulielewa swali.

Muhtasari wa Kiingereza wa 2005 ulituletea neno umahiri, na mtaala ulioboreshwa wa 2023 umelitia nguvu zaidi huku ukiacha lugha za kufundishia pale pale: Kiswahili msingi, Kiingereza sekondari. Umahiri ni neno zuri. Ila andalio la somo lina kisanduku cha umahiri, cha malengo, cha zana, cha hatua za somo na cha tathmini, na hakuna kinachouliza mwanafunzi ana maneno mangapi.

Wakati fulani nilikwenda kukagua mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata wilayani Bunda. Kijana wetu alikuwa na azimio la kazi safi, tarehe zimenyooka, mada zimepangwa kama muhtasari unavyotaka. Somo la siku hiyo lilikuwa kutoa maoni. Darasa la watoto zaidi ya sabini lilimtazama kwa heshima, kimya. Baada ya kipindi nilimwomba akachukue kitabu cha Jiografia cha darasa lile, afungue ukurasa wowote, ahesabu maneno ambayo anadhani watoto hawayajui. Alirudi jioni na karatasi yenye maneno arobaini na moja kutoka ukurasa mmoja. Wiki iliyofuata alifundisha kumi kati ya hayo, kwa michoro, kwa vitendo, na pale ilipobidi kwa Kiswahili, jambo lililomtia hofu kwa sababu ubao wa mlangoni ulikataza. Watoto waliongea.

Aliniuliza ile orodha aiandike wapi, maana mkaguzi angetaka kuona kila kitu kwenye andalio. Tuliitafuta nafasi juu hadi chini. Mwishowe aliibana kwa pini nyuma ya karatasi.